Nani Humpa Mgeni Jembe? Kitabu cha Litowa na Vijiji vya Makaa ya Mawe

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nimeifundisha darasani miaka mingi, na karibu kila mwanafunzi aliieleza kwa namna ile ile, kwamba inamkemea mgeni mvivu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamalizi maana. Hebu tuitazame tena. Jembe ni la mwenyeji. Shamba ni la mwenyeji. Anayehesabu siku na kusema kwamba leo ni ya tatu ni mwenyeji. Mgeni wa methali hakuja na jembe lake, wala hakujichagulia pa kulima, wala hakuondoka siku aliyotaka yeye na kuliacha tuta nusu. Alipewa kazi na wenye kazi.

Kwa kipimo hicho nataka kuhakiki kitabu kimoja na neno moja. Kitabu ni kile cha Ralph Ibbott kiitwacho Ujamaa: The Hidden Story of Tanzania's Socialist Villages, kilichotolewa na Crossroads Books, London, mwaka 2014. Neno ni "kujitolea". Nimeviweka pamoja kwa sababu kitabu kinasimulia watu waliojitolea kweli, na neno lenyewe limetumika vibaya kwa muda mrefu hata limechakaa kama noti iliyopita mikono mingi.

Kinachonisukuma kuandika sasa ni makaa ya mawe. Sisi wa Mnero hatuna makaa. Tuna korosho, ufuta na mbaazi, na majirani zetu wa Ruangwa wana madini ya kinywe, ambayo ni kaboni kama makaa yenyewe. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2021 makaa ya Mbinga yamekuwa yakisafirishwa nje kupitia bandari ya Mtwara, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 wanunuzi waliongezeka sana. Malori hushuka kutoka Songea na Tunduru, yakapita Masasi, yakaenda pwani. Mtu yeyote wa Nachingwea anayesafiri kwenda Masasi ameyaona. Vijana waliomaliza vyuo huniuliza: Mwalimu, mali inapita hapa mlangoni, na wenye vijiji inakotoka wanalalamikia vumbi na shida. Je, tukienda kujitolea kule, tuvifufue vijiji vile, tuanzie wapi? Swali ni zuri na linastahili jibu lisilo la haraka. Mimi huwajibu kwamba waanzie Litowa, na kwa kuwa Litowa ile haipo tena kama ilivyokuwa, waanzie kwenye kitabu.

Kwa asiyejua habari hizi, nieleze kwa ufupi. Mwishoni mwa mwaka 1960 vijana wa TANU wa Songea, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini Litowa kuanzisha kijiji cha kulima pamoja. Jaribio la kwanza lilishindwa kwa uhaba wa chakula. Wakarudi tena. Millinga akaenda kusoma Chuo cha Kivukoni, akarejea. Polepole kijiji kikasimama, na vijiji vingine vikafuata mfano wake: Liweta, Njoomlole, Matetereka na vinginevyo. Mwaka 1963 wakaunda chama chao, Ruvuma Development Association, kilichojulikana kwa herufi RDA. Kilipofika mwaka 1969 kilikuwa na vijiji 17, shule yake Litowa, mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, na shughuli za mbao na ufumaji. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaamua kivunjwe. Mali zikachukuliwa, walimu wakahamishwa, washauri wa kigeni wakaondoka nchini.

Ibbott alikuwa mmoja wa washauri hao. Alikuwa Mwingereza, mkadiriaji majenzi kwa taaluma, aliyekwisha kufanya kazi katika shamba la misioni ya St Faith's karibu na Rusape, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Alihamia Litowa pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Hapo ndipo penye thamani ya kwanza ya kitabu. Tazameni mpangilio wa matukio. Mgeni hakuja na kijiji mfukoni. Alikuta watu wamekwisha kufyeka pori, wamekwisha kulala njaa, wamekwisha kushindwa mara moja na kurudi. Hakupewa cheo cha kuamuru. Alikuwa mshauri, na ushauri ni kitu ambacho mwenyeji anaweza kukikataa bila kuomba radhi.

Anapoeleza maisha ya kijiji, Ibbott huwa mtulivu, karibu mkavu, na ukavu huo ndio unaonifanya nimwamini. Hasimulii mashujaa. Anasimulia mikutano: nani alime wapi, mavuno yagawanywe vipi, fedha iliyopatikana inunue nini. Msomaji anayetafuta msisimko atachoka. Mimi sikuchoka, kwa sababu nimeongoza shule na najua kwamba taasisi yoyote hufa au huishi katika mikutano ya namna hiyo, mirefu, isiyo na picha. Kijiji cha Litowa kilikuwa na jembe la kumpa mgeni kwa sababu kilikuwa na mkutano. Mgeni akija na wazo, wazo liliwekwa mbele ya watu, likachambuliwa, likakubaliwa au likaachwa.

Sehemu iliyonishika zaidi, kama inavyotarajiwa kwa mtu wa chaki, ni ya shule. Mwalimu mkuu wake alikuwa Suleman Toroka. Shule ya Litowa ilichukua watoto wa vijiji vya chama, na masomo yake yalifungwa na kazi ya shamba na maisha ya kijiji kabla Mwalimu Nyerere hajatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Sisi walimu wa kizazi changu tuliupokea waraka ule vyuoni kama mafundisho yaliyotoka juu. Wengi hatukuambiwa kwamba kulikuwa na shule kule Songea ambako watu walikwisha kuanza bila waraka. Tofauti hiyo si ndogo. Katika shule nyingi "elimu ya kujitegemea" ilikuja kuwa shamba la mwalimu mkuu linalolimwa na watoto. Litowa lilikuwa shamba la kijiji ambacho watoto ni wake, na wazazi waliuona mwisho wa jasho la watoto wao.

Hata hivyo ni hapa hapa ninapotaka kumbana mwandishi. Shule ya Litowa ilikusudia kumrudisha mtoto kijijini akiwa na maarifa, si kumchuja na kumpeleka mbali. Nia hiyo ni njema kwa kijiji. Je, kwa mtoto? Yule ambaye angetaka kuwa daktari, au rubani, au mwalimu wa Kilatini, nani alimuuliza? Ibbott halipi swali hili uzito unaostahili. Anaona, kama waanzilishi wengi wanavyoona, kwamba maisha mema yakishapatikana hakuna sababu ya mtoto kuyakimbia. Lakini mwenyeji mwenye jembe ni pamoja na huyo mtoto wa darasa la tano. Kijana wa leo anayekwenda kufundisha katika kijiji cha makaa atakutana na swali hilo siku ya kwanza, kwa sababu watoto wa pale wanayaona malori yakiondoka kila saa na wanajua kwamba barabara inakwenda mahali.

Jambo la tatu lenye manufaa kitabuni ni kikosi walichokiita SERA. Hawa walikuwa wanachama waliokwisha kukomaa katika kazi ya vijiji, ambao waliyafanya maendeleo ya vijiji vyote kuwa kazi ya maisha yao. Kijiji kipya kikihitaji msaada, waliweza kwenda kukaa nacho. Hawakutoka ng'ambo wala Dar es Salaam. Walitoka kijiji cha pili. Walijua mihogo huoza lini, walijua watu hugombana kwa sababu gani wakati wa kugawa mavuno. Msomaji akichukua ukurasa mmoja tu wa kitabu hiki kwa ajili ya vijiji vya makaa, achukue huo. Mtu wa kujitolea anayefaa kuliko wote ni jirani aliyekwisha kupita njia ile ile.

Sasa, kipimo kisichotumika kwa pande mbili si kipimo, kwa hiyo niulete mfano wa kinyume, nao uko nyumbani. Mji wa Nachingwea haukukua wenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga Tanganyika ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Ulipangwa kufunika zaidi ya ekari milioni 3, sehemu za Kongwa, Urambo na huku kwetu Kusini. Matrekta yaliletwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikavutwa kuja Nachingwea. Mwezi Januari 1951 mpango ukatangazwa kuachwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Reli ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Alan Wood, ambaye alikuwa mtumishi wa habari wa shirika lenyewe la mpango ule, aliandika kitabu juu yake mwaka 1950, The Groundnut Affair. Wengi humsoma ili kucheka. Mimi nilipomsoma nilikuta jambo la huzuni zaidi: wengi wa waliokuja walikuwa na moyo. Walikuwa askari waliotoka vitani, wakitaka kufanya kitu cha kulisha watu badala ya kuua. Hawakukosa moyo. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba ardhi hii wakati wa kiangazi huwa ngumu kama saruji na kwamba mvua haifuati kalenda. Watu wa kuwaambia walikuwapo. Wamwera walikuwa wakilima hapa. Hakuna aliyewaita kwenye mkutano.

Baadaye maeneo yale yale ya Nachingwea yalipokea wapiganaji wa Frelimo, wakapata mafunzo hapa hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Kwa hiyo mji wetu umeona watu wengi wakija kwa ajili ya jambo kubwa na kuondoka. Sisemi kwa uchungu. Nasema kwamba watu wa Nachingwea wana elimu ambayo vijiji vya makaa bado havijaipata: tunajua mahali hufanana vipi siku mitambo inapoondoka. Reli iking'olewa, tuta lake hubaki. Watoto hulitumia kama njia ya kwenda shule, bila kujua ni tuta la nini.

Niendelee na kasoro za kitabu, maana uhakiki usiotaja kasoro ni mahubiri. Kwanza, hii ni sauti ya mtu mmoja, tena ya mgeni. Alikuwa mgeni mwema, mgeni aliyepewa jembe, lakini macho yake ni ya mgeni. Ningetamani kurasa nyingi zaidi za mama aliyeamka kabla ya wote, au za yule aliyejiunga kisha akajitoa. Waliojitoa kimya kimya ndio hujua udhaifu wa kijiji kuliko waliobaki.

Pili, mwandishi anawatazama maofisa wa chama na serikali kama ukuta mmoja. Ni kweli walikiua chama cha Ruvuma. Ni kweli pia kwamba waliogopa watu wanaojiamulia. Lakini hofu yao ilikuwa na sababu ambazo mhakiki hawezi kuzipuuza: nchi ilikuwa changa, mpakani kulikuwa na vita ya Msumbiji, na hapa palikuwa na chama chenye wazungu washauri na misaada ya fedha kutoka nje, ambacho hakikuwa chini ya mkuu wa mkoa. Mtu anaweza kueleza hofu bila kuihalalisha. Kama Ibbott angefanya hivyo kwa kirefu, kijana wa leo angejifunza namna ya kufanya kazi na ofisi ya wilaya bila kuitumikia na bila kuichokoza. Somo hilo linahitajika sana.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, kitabu hakijibu vya kutosha kwa nini jengo lililojengwa kwa miaka tisa lilianguka kwa uamuzi wa siku moja. Ikiwa nguvu ilikuwa ya vijiji, mbona shoka lilipoukata mti wa katikati matawi mengi yalikauka? Jibu langu ni kwamba vitu vya katikati, yaani mashine, magari, walimu, washauri na misaada, vilikwisha kuwa vizito mno. Matetereka inanipa ushahidi. Kijiji kile kiliendelea na kazi za pamoja kwa miaka mingi baada ya 1969. Nani alilima, nani aliweka hesabu, watu waliambiana nini usiku ule habari zilipofika? Habari za Matetereka zingestahili nusu ya kitabu. Mti unaochipua baada ya kukatwa ndio unaotufundisha kuhusu mizizi.

Nne ni lugha. Nakala niliyoisoma ni ya Kiingereza. Watu ambao habari hizi ni zao, na ambao vijana wetu wanataka kwenda kuwasaidia, hawawezi kuisoma. Sitamlaumu mwandishi kwa kuandika kwa lugha yake. Nawalaumu wasomi wetu ambao wamekinukuu katika makala zao za vyuo vikuu na kuiacha Litowa ifungiwe kabatini.

Sasa neno. Kitenzi ni kutoa. Ukiongeza kiambishi unapata kutolea, na ukimrudishia mtendaji tendo lake unapata kujitolea: mtu anajitoa mwenyewe kwa ajili ya kitu. Sarufi yenyewe imeweka masharti. Huwezi kumtoa mwenzako ukaita kujitolea. Baada ya 1969 sharti hilo lilivunjwa hadharani. Mwaka 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa, wengine wakaziacha nyumba nzuri na mikorosho iliyoanza kuzaa. Zao la korosho, lililokuwa limevuka tani 140,000 katika msimu wa 1973/74, lilishuka chini ya tani 20,000 katika miaka ya 1980. Bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, lakini mkulima aliyewekwa mbali na mikorosho yake hakuweza kuipalilia. Miaka ile mtu aliweza kuamriwa kwenda kazi ya "kujitolea" na kutozwa faini asipokwenda. Watu wakacheka, kisha wakaliacha neno.

Leo neno limepata jeraha jingine. Shule zetu zimejaa walimu wa kujitolea. Ni vijana wenye vyeti, waliofaulu, wanaofundisha vipindi kamili wakisubiri ajira ya Serikali, na wanachopata ni michango ya wazazi, ikipatikana. Wengine wamesubiri miaka. Nawaheshimu sana, na shule nyingi za vijijini zingefungwa madarasa bila wao. Lakini tuwe wakweli: kijana asiye na mahali pengine pa kwenda, anayefanya kazi ya mwajiriwa bila mshahara kwa matumaini ya kukumbukwa, hajitolei. Anakopesha, na mkopaji hajasaini. Kwa upande wa pili wapo wanaokuja wiki tatu kutoka nchi tajiri. Katika shule moja niliyoiongoza lilifika kundi la namna hiyo, likajenga choo cha wanafunzi huku mafundi wawili wa kijijini, hodari, wameketi chini ya mwembe wakitazama. Choo kilipopata ufa mvua ya kwanza, hakuna aliyejiona mwenye wajibu wa kukiziba, kwa kuwa hakuna wa kijiji aliyeulizwa kiwe wapi. Wa kwanza anatoa asichoweza kumudu kutoa. Wa pili anatoa kisichoombwa. Wote wawili wamekosa mtu wa kuwapa jembe.

Turudi kwenye makaa. Msomaji makini atanipinga hapa, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema: Litowa walilima mahindi, na mahindi ni ya aliyelima. Makaa ya mawe ni mali ya Taifa kwa sheria, leseni hutolewa na Serikali, mtambo ni wa kampuni. Kijiji cha makaa hakina shamba la kumwonyesha mgeni. Pingamizi hilo ni la kweli nusu. Ni kweli kwamba Ntunduwaro, kule Mbinga, ambako kampuni ya Tancoal, yenye hisa asilimia 30 za Shirika la Maendeleo la Taifa, ilianza kuchimba mwaka 2011, mkutano wa kijiji hauwezi kuamua tani ngapi zichimbwe. Ni kweli pia kwamba ushuru wa huduma huingia halmashauri ya wilaya, hauingii moja kwa moja kijijini. Na Kiwira, katika wilaya ya Ileje, historia inaonyesha hatari yenyewe: mgodi ulioanza mwaka 1988 kwa msaada wa Wachina ukabinafsishwa mwaka 2005, uzalishaji ukafifia hata ukasimama, wafanyakazi wakabaki wakidai haki zao, kisha mgodi ukarudi mikononi mwa Serikali na kuwekwa chini ya STAMICO. Hakuna mkutano wa kijiji uliokuwa na uwezo wa kuzuia lolote kati ya hayo.

Lakini kijiji si mtungi mtupu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa uzito katika mambo ya ardhi. Sheria ya madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa. Hayo ni majembe. Mengi yako darini, yameshika kutu, kwa sababu makaratasi yameandikwa kwa lugha ya wanasheria na mikutano huitishwa pale tu mgeni mkubwa anapokuja.

Basi, kazi ya kijana anayejitolea iko hapo. Akienda Ntunduwaro au Ileje, au hata hapa jirani Ruangwa, asibebe rangi ya kupaka madarasa. Akae kwanza msimu mzima, alipe pango, anunue unga kwa bei wanayonunua wao. Aombe kibali cha mkutano, na mkutano ukimkatalia arudi kwao bila kinyongo. Wakimkubali, wampe kazi wao. Huenda wakamwambia awasomee mpango wa kampuni kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa kwa ukurasa, na kuandika maswali yao. Huenda wakamtaka awafundishe vijana kuweka vitabu vya hesabu ili fedha za kijiji zisomwe hadharani. Huenda wakataka daftari la kuandika tarehe na saa ambazo maji ya mto yamebadilika rangi. Huenda wakamtuma tu afundishe hisabati darasa la sita, kwa kuwa mwalimu amehama. Kazi hizo hazipendezi katika picha, lakini ndizo zitakazobaki tuta la barabara litakapobaki peke yake.

Maana makaa yatakwisha, au bei itaanguka, kama karanga zilivyoanguka. Swali la vijiji vile si namna ya kufufuka leo, kwa sababu leo malori yanapita na vibanda vya chakula vina wateja. Swali ni kama siku malori yatakapokoma kutakuwa na mkutano uliozoea kuamua, hesabu zilizozoea kusomwa, na watoto wanaojua kusoma mkataba. Litowa ilikuwa na vitu hivyo kwa miaka tisa, na ikavipoteza kwa sababu vizito vyake vilishikwa katikati. Matetereka ilivishika chini, ikadumu.

Kijana wangu, kabla hujapanda basi la Songea, jiulize mambo matatu. Ni nani aliyekuita, na je, anaweza kukufukuza? Ukiugua kesho, kazi yako itaendelea mikononi mwa nani? Na gharama ya kujitolea kwako inalipwa na nani: na wewe, na wazazi wako, au na watu maskini wanaokuchangia unga? Ukiwa na majibu ya kweli, nenda. Na unapokwenda, chukua kitabu cha Ibbott, na jioni uwatafsirie wenyeji wako sura ya shule na sura za mikutano. Kisha nyamaza, uwasikilize watakavyokihakiki. Uhakiki wao nautaka kuliko huu wangu.